Mafuta Yanayorudi

Dereva wa watalii akirudi Karatu na mafuta pungufu ya hesabu ya ofisi, hakuna anayeuliza gari lina hali gani. Swali huwa moja, na huulizwa kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari: umemuuzia nani?

Nimelisikia swali hilo nikiwa nimelala chini ya gari, mgongo kwenye gunia, udongo mwekundu wa Karatu ukinidondokea machoni. Nimelisikia likiulizwa kwa simu, kwa ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya grafu, na mara moja na meneja aliyekuja mwenyewe gereji akiwa amevaa raba nyeupe, akasimama mbali ili asichafuke. Mimi ni fundi. Nina stashahada ya ufundi mitambo na miaka sita ya kushika spana katika mji huu, ambao magari yanayokwenda kreta na Serengeti hupita, hujaza, hulala au huharibika. Ninachokisema ni kifupi, ingawa kukieleza kutachukua nafasi. Gari la matangi mawili lina njia ya kupoteza mafuta bila mkono wa mtu. Njia hiyo inajulikana, inapimika kwa dakika ishirini, na kumkata dereva mshahara kabla ya kuipima ni dhuluma, hata kama dhuluma hiyo imechapwa vizuri kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni.

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi wenu mmepanda gari hili na hamjawahi kuinama kulitazama chini. Zile Land Cruiser ndefu zenye paa la kuinuka, ambazo asubuhi hupanga foleni lango la Loduare, kiini chake ni Toyota ya mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984. Nyingi zina injini ya 1HZ: silinda sita, ujazo wa sentimita 4,164, dizeli isiyo na tabo, iliyotoka mwaka 1990, na ambayo fundi wa Karatu anaweza kuishusha huku anapiga soga. Aina ya HZJ78 huja na matangi mawili, kila moja la lita 90 hivi. Jumla 180. Ndiyo sababu gari linaweza kujazwa Karatu, likapanda ukingo wa kreta, likapita Malanja, Oldupai na Naabi, likazunguka Seronera siku mbili tatu na kurudi bila kununua dizeli ya porini, ambayo bei yake siyo ya Karatu.

Kwenye dashibodi kuna swichi ndogo. Ukiibonyeza huku, injini inavuta tangi la kwanza. Ukiibonyeza kule, inavuta la pili. Geji ni moja, nayo inafuata swichi: inaonyesha tangi lililochaguliwa tu, jingine linabaki gizani. Waliolitengeneza waliandika MAIN na SUB, nasi tukatafsiri tangi kubwa na tangi dogo. Tafsiri hiyo imetuponza. Matangi yanalingana, lakini kwa kuwa moja tumelipa jina la udogo, ofisi inalichukulia kama akiba tu, kitu cha pembeni kisichostahili kupimwa. Nimeona fomu za safari zenye mstari mmoja wa mafuta ya kuondokea. Mstari mmoja kwa matangi mawili! Ni kama kumhesabia mtu fedha za mfuko wa kulia peke yake, kisha jioni kumwambia ameiba za mfuko wa kushoto.

Hilo lilikuwa jepesi. Gumu ni hili linalofuata, na naomba msiniruke, kwa sababu kesi nzima imo humu.

Injini ya dizeli haili kila inachopewa. Pampu huvuta mafuta mengi kuliko yatakayochomwa, kwa sababu dizeli hiyohiyo ndiyo inayoilainisha pampu kwa ndani na kuipoza. Kinachozidi, pamoja na kile kidogo kinachopenya juu ya nozeli, hukusanywa na kurudishwa tangini kwa mpira wake. Mfikirie mgeni mwenye adabu: anapakuliwa sahani imejaa, anakula vijiko vitatu, sahani inarudi jikoni. Anapakuliwa tena, anakula vijiko vitatu, inarudi. Ndivyo injini inavyokula siku nzima, iwe inapanda Lerai kwa gia nzito au imesimama inaunguruma kando ya simba waliolala. Hata ikiwa imesimama, na inachoma kidogo sana, sahani zinaendelea kwenda na kurudi.

Sasa mpe mgeni huyo nyumba yenye majiko mawili. Chakula kinatoka jiko la kwanza. Sahani zinarudi jiko lipi?

Kazi ya kuhakikisha zinarudi kulikopikwa ni ya valvu moja isiyozidi ngumi, iliyofungwa kule chini kwenye chesisi. Ina midomo sita: miwili ya upande wa injini, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, miwili ya tangi la kwanza, miwili ya tangi la pili. Ukibonyeza swichi, mota ndogo ya umeme huizungusha, na ikiwa nzima hugeuza njia zote mbili kwa pamoja. Kwenda kukihama, kurudi nako kunahama.

Ipitishe valvu hiyo kwenye vumbi la Ndutu, kwenye matope ya masika, kwenye dizeli yenye maji na machicha ya tangi la miaka ishirini. Itachoka. Na tabu yake ni kwamba aghalabu haichoki yote. Njia ya kwenda inageuka vizuri, gari linavuta, dereva anaona swichi inafanya kazi. Njia ya kurudi inabaki ilikokuwa, au inagawa huku na kule. Hapo mafuta yanatoka tangi moja na makombo yanakwenda kwenye tangi jingine, saa baada ya saa, na hakuna taa yoyote inayowaka kwenye dashibodi.

Kuna matokeo mawili, na ofisi huyachanganya. Kama tangi linalopokea lina nafasi, hakuna hata tone lililopotea: mafuta yamehama chumba tu, ila geji inaonyesha tangi linalotumika likishuka kama lina tundu. Kama tangi linalopokea limejaa, yanapanda mpaka kwenye mpira wa kupumulia na mfuniko, halafu yanamwagika njiani. Gari likiwa kwenye mwendo huoni kitu. Upepo unayachukua, vumbi linayafunika. Abiria wa nyuma wanasema wananusa dizeli na dereva anadhani ni lori lililo mbele. Na msafara wa Serengeti huanza na matangi yote mawili yamejaa hadi shingoni, kwa hiyo hatari kubwa ipo saa za kwanza kabisa, pale pale kati ya Karatu na ukingo wa kreta, gari likiwa linapanda na mafuta yameegemea nyuma.

Wazee wa gereji wengine hunibishia. Wanasema matangi mawili yapo tangu enzi za Land Rover na hayakuwa na maneno. Kweli, yalikuwepo. Baadhi ya Land Rover 109 zilikuwa na matangi chini ya viti viwili vya mbele, na bomba dogo la kugeuza kwa mkono karibu na miguu ya dereva. Miaka ya 1980, dizeli na petroli zilipokuwa vitu vya kupangiwa foleni, mwenye gari la matangi mawili alikuwa tajiri. Ila Land Rover nyingi za aina hiyo zilikuwa za petroli ya kabureta. Kabureta ina boya lake; likijaa linafunga, pampu inasubiri. Hairudishi sahani jikoni. Kwa hiyo bomba moja la njia ya kwenda lilitosha, na fundi aliyejifunza kazi kwenye gari lile alijifunza kweli. Tatizo lilianza pale ujuzi uleule ulipohamishiwa kwenye dizeli. Nimefungua magari yaliyorefushwa na kuongezewa tangi la kuchomelea, lenye bomba safi la shaba kwenye njia ya kwenda, na mpira wa kurudi umeunganishwa moja kwa moja kwenye tangi la zamani, basi, milele. Gari la namna hiyo halisubiri valvu ichoke. Limezaliwa nalo.

Msimu mmoja wa kiangazi niliona ugonjwa huu mara mbili, na tofauti ya matibabu ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Gari la kwanza lilikuwa nyumba. Mercedes 911 ya zamani, pua ya mviringo, nyuma yake chumba cha mbao chenye kitanda, jiko, sinki na rafu ya vitabu iliyofungwa kamba ili visianguke. Wenyewe walikuwa mke na mume wastaafu kutoka Ujerumani, waliokuwa wameiendesha Afrika nzima. Gari la uzito ule halishuki kreta, hivyo walikuwa wameliacha kambini Karatu na kukodi Land Cruiser kwa siku za Ngorongoro. Waliporudi wakaniita. Mzee yule alikuwa na daftari la kila lita aliyonunua tangu atoke kwao, na hesabu zilikuwa zimekataa tangu Iringa. Nililala chini. Matangi mawili, bomba moja la kugeuza la kwenda, mpira wa kurudi umeunganishwa kwenye tangi la kushoto peke yake. Alikuwa akitumia la kulia wakati la kushoto limejaa. Alikuwa akiinywesha barabara.

Nikamfungia bomba la pili kwenye njia ya kurudi, nikampigia rangi nyekundu mishikio yote miwili, nikamwambia: ukigeuza hili, geuza na hili. Bibi akanitengenezea kahawa. Mzee akaniuliza maswali ya saa nzima, akachora mchoro kwenye daftari lake, akanilipa. Katika mazungumzo yote hayo, ya lita nyingi zilizopotea katika nchi zaidi ya moja, hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu alinyonya. Mafuta yalipungua, kwa hiyo gari lina kasoro. Mantiki safi kabisa.

Gari la pili lilikuja wiki chache baadaye. HZJ78, mali ya kampuni ambayo sitaitaja. Dereva wake alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa upande wa Rhotia, mwenye kuijua kreta kama ua la kwao. Alikuwa ametoka Serengeti safari ya siku nne na ofisi ilikuwa imepata upungufu wa lita 38. Alinikuta asubuhi, akasema, "Fundi, naomba uniangalizie gari. Siyo la bosi kunituma. Nakuomba mimi."

Nikamuuliza aliona nini. Akasema tangi kubwa lilishuka vibaya kabla hata ya Naabi, akageuza kwenda dogo, akalikuta limejaa kama halijaguswa wakati alikwishalitumia siku iliyotangulia. Aliipigia simu ofisi kutoka getini Naabi. Wakamwambia aendelee, wageni wana ndege ya kuwahi Seronera. Sauti yake ilikuwa bado ipo kwenye simu, ile aliyoituma WhatsApp, yenye upepo na injini nyuma yake: mkuu, hili gari matangi yanachanganya.

Yanachanganya. Mtu ametoa utambuzi sahihi wa kiufundi, kwa neno moja la Kiswahili, kutoka porini, siku tatu kabla ya kutuhumiwa.

Nilipima. Swichi kwenye tangi la kwanza, mpira wa kurudi wa tangi la pili ukatoa dizeli kama bomba la shule. Juu ya tangi hilo, kuzunguka mfuniko na mpira wa kupumulia, kulikuwa na gamba jeusi la vumbi lililolowa mafuta na kukauka, tabaka juu ya tabaka, kazi ya miezi. Nikaandika kwenye karatasi, nikapiga picha, nikaweka namba yangu. Ofisi ikajibu kwamba fundi na dereva ni kitu kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako, akaandika meneja, akiongeza na kikaragosi cha kucheka. Mshahara wa mwezi huo ulikatwa theluthi, na mwezi uliofuata theluthi nyingine. Gari likatengenezwa baadaye kimyakimya na gereji ya Arusha. Najua kwa sababu lilirudi kwangu kwa springi na nikaona valvu mpya inang'aa. Kampuni ilinunua valvu. Fedha za dereva haikurudisha. Katika kumbukumbu zao, hadi leo, kuna risiti ya valvu iliyokufa na barua ya mwizi, faili mbili kwenye kabati moja.

Hii ndiyo hoja yangu, na sina namna ya kuilainisha. Mafuta ya mzungu yakipungua tunatafuta kasoro. Mafuta ya dereva yakipungua tunatafuta mwizi. Mashine ni ileile na fizikia ni ileile. Kinachobadilika ni nani amekaa kwenye usukani, na je, gari ni lake.

Msiniambie kwamba ni jambo la vichochoroni Karatu lisilojulikana duniani. Mwaka 1993 kampuni ya Ford, huko Marekani, iliyaita magari yake ya matangi mawili, pick-up za mfululizo wa F, kwa sababu vivalvu vya kwenye pampu za tangini vilikuwa vinashindwa kufunga, na mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini yanaingia tangi lisilohusika mpaka linafurika. Zile zilikuwa za petroli, kwa hiyo hofu ilikuwa moto. Kampuni iliyotengeneza gari ilikubali kwamba gari linaweza kuhamisha mafuta lenyewe. Sisi, ambao hatujatengeneza hata mfuniko wake, tunasema haiwezekani.

Sasa nageukia wenzangu, mliosoma kama mimi au kunizidi, mnaokaa kwenye dawati la operesheni Arusha na skrini mbili. Siku hizi mnapenda kunionyesha grafu. Mmefunga vifaa vya GPS, vizuri, na kijiti cha kupimia mafuta ndani ya tangi, vizuri pia. Tangi lipi? Kubwa. Na dogo? Bajeti ya vijiti ilikuwa kijiti kimoja kwa gari. Basi mnacho kioo kinachoonyesha nusu ya uso, na kwa kioo hicho mnamnyoa mtu.

Hata hivyo grafu hiyohiyo ingeweza kumtetea dereva kama mngeisoma. Anayenyonya mafuta huweka mpira na dumu, akachukua lita ishirini kwa dakika chache, gari likiwa limezimwa. Mstari wake ni genge: umenyooka, unaanguka wima, unanyooka tena. Valvu iliyochoka haijui haraka. Mstari wake ni mteremko mrefu, unashuka kila injini inapowaka, unatulia kila inapozimwa, unashuka hata gari limesimama kwenye simba na kilomita haziongezeki. Mkiona mteremko wa saa tano, huyo siye mtu. Hakuna mwizi mwenye subira ya kunyonya dizeli kijiko kwa kijiko kutoka kwenye gari linalotembea, ndani yake wameketi Wafaransa sita.

Na hesabu yenu ya kilomita kwa lita, ile namba moja mliyoibandika ukutani kwa magari yote, iacheni barabara ya lami ya Makuyuni inakofaa. Ndani ya kreta gari hutambaa siku nzima. Linashuka Seneto kwa gia, halichomi karibu kitu. Linapanda Lerai kwa gia nzito likiwa na watu saba na friji, linachoma sana, kwa kilomita chache. Katikati linaunguruma limesimama kwa sababu wageni wanataka friji ipoe na simu zichajiwe. Kuligawanya hilo kwa kilomita ni kupima uji kwa rula.

Nakubali wizi upo. Ningekuwa mwongo kusema vinginevyo, na wanaouziana dizeli kwa madumu kando ya barabara wananijua na ninawajua. Wapo madereva wanaouza mafuta, wengine kwa tamaa, wengine kwa sababu ni deiwaka, hulipwa siku za safari tu, na kuanzia Aprili hakuna safari. Wapo pia wenye magari wanaodaiwa na benki na wanaoona kila lita kama damu yao. Siwacheki. Lakini kuwepo kwa wezi hakumfanyi kila pungufu kuwa wizi, kama vile kuwepo kwa malaria hakumfanyi kila mwenye homa kuwa na malaria. Zahanati yoyote itakutoboa kidole kwanza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga, na haki anayodai huyu ni ndogo mno: gari lake lipimwe kabla yake.

Tena siyo hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kujikatia tu. Akitaka kufidiwa hasara kutoka kwenye mshahara wa mfanyakazi, lazima mfanyakazi awe ameridhia deni hilo kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aandike chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi lilivyokokotolewa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kulipinga. Na makato kwa jumla yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Someni tena sehemu ya kosa la mfanyakazi. Valvu iliyochoka ni kosa la nani? Someni na robo, kisha mlinganishe na ile theluthi. Dereva yule alikuwa amesaini karatasi, ndiyo, ameniambia mwenyewe. Aliwekewa mezani pamoja na ratiba ya safari ijayo, na akaelewa kwamba vinakwenda pamoja. Malalamiko ya namna hiyo yana mahali pake, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini yule bwana hakwenda. Aliniambia kwamba mji huu una njia moja, na anayeishtaki kampuni moja amezishtaki zote.

Kitu kingine kinanikera, na wala hakihusu mishahara. Dizeli inayomwagika kutoka kwenye mfuniko wa tangi inamwagika ndani ya hifadhi. Inadondokea kwenye njia ambayo ng'ombe wa Wamasai huivuka kwenda maji, kwenye kokoto za ukingo wa kreta ambazo mvua huzisafisha kuelekea bondeni. Kampuni zinaandika kwenye tovuti zao kwamba hazitumii tena chupa za plastiki. Ni jambo jema. Angalieni na chini ya gari.

Wapo watakaosema nadai utaalamu mwingi kwa kampuni ndogo. Basi hiki hapa kipimo chenyewe, bure, hakihitaji kompyuta. Kwanza rekebisheni fomu: mistari miwili, tangi la kwanza na tangi la pili, kuondoka na kurudi, yote yakijazwa hadi shingo katika sheli ileile mbele ya dereva na mtu wa ofisi. Dereva akisema matangi yanachanganya, iandikeni kauli yake na saa aliyoisema. Gari likirudi na pungufu, lileteni kabla hamjaandika barua. Fundi ataingia chini, atachomoa mipira miwili ya kurudi pale inapoingia kwenye matangi, kila mmoja atautumbukiza kwenye chupa safi ya soda. Washeni injini, iache iungurume. Wekeni swichi kwenye tangi la kwanza na mtazame ni chupa ipi inajaa. Zimeni, geuzeni swichi, washeni, tazameni tena. Chupa ya tangi ambalo halikuchaguliwa ikiingia dizeli, mrudishieni dereva fedha zake siku hiyohiyo, kisha mniletee hiyo valvu.